NCLEX nilifaulu kwa siku mbili, leseni ndiyo iliyonitoa machozi

Nianze na mazuri, maana hasira ikishapanda nitayasahau. Mtihani wenyewe sina ugomvi nao. NCLEX-RN, mtihani wa kupata leseni ya unesi, niliufanyia hapahapa Marekani, kipindi cha baridi, na kompyuta ikanikatia baada ya swali la 85. Aliyepitia hapo anajua. 85 ndiyo idadi ya chini, mwisho ni 150, na ikikukatia mapema hivyo basi umefaulu wazi au umefeli wazi, ila yenyewe haikuambii ni lipi. Nilitoka nje sikumbuki gari nimeliacha wapi. Siku mbili za kazi zikapita, nikalipa dola 7.95 za matokeo ya haraka, nikaona nimefaulu. Alama hawakupi, na wala sikuzihitaji. Nikampigia mama Korogwe, kwao usiku wa manane, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kugonga kuuliza kuna nini. Kwa hilo natoa nyota tano hata leo.

Sasa leseni.

Matokeo yale ya haraka si rasmi. Leseni inatoka kwa bodi ya uuguzi ya jimbo, na bodi niliyoomba mimi inataka kwanza alama za vidole ziende FBI, waangalie kama una rekodi ya uhalifu. Zangu nilishazipeleka hata kabla ya mtihani, kwa hiyo nikakaa kwa amani. Kila usiku zamu ikitulia nafungua Nursys, kule ambako mtu yeyote anaweza kutafuta leseni ya nesi bure, naandika jina langu. Hamna. Wiki ya pili, hamna. Wiki ya tatu, hamna. Barua pepe hakuna, simu hakuna.

Nikapiga mimi. Karibu saa nzima nasikilizishwa muziki, ndipo akapokea dada mmoja. Akasema alama zangu za vidole hazisomeki, zilirudishwa. Lini? Mwezi uliopita. Sasa mbona hamkuniambia? Akanijibu, na maneno haya ninayo moyoni mpaka leo: "Kufuatilia ni kazi yako, si yetu." Halafu akaniuliza kama nilibonyeza vidole sawasawa.

Nilipokata simu nikavitazama, jikoni, chini ya taa. Miaka sita nimefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee. Kuogesha watu, kuwabadilisha nepi, kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa na kunawa tena baada ya kumgusa, kitakasa mikono kila ninapoingia na kutoka chumbani. Vidole gumba vyangu vimekuwa laini kama vimepigwa msasa, mistari imebaki pembeni tu. Yaani kazi iliyonitia hamu ya kuwa nesi ndiyo imefuta alama wanazozidai ili niwe nesi. Na hii ni ofisi ya manesi, jamani! Kama kuna watu duniani wanaopaswa kujua kunawa kunafanya nini kwenye mikono ya mtu, si ni wao?

Nikarudia, nikalipa tena. Zikarudishwa tena. Nikapiga, nikaangukia kwa dada yuleyule, akasema nenda karudie mara ya tatu. Hospitali iliyokuwa imenishikia nafasi wadi ya upasuaji ilisubiri mpaka ikachoka, ikampa mtu mwingine, na siwalaumu. Mama kila Jumapili, "Mwanangu, ushavaa sare?" Ikafika mahali simu ya mama yangu mzazi naiogopa. Usiku mmoja niliandika maoni haya ya bodi kwa nyota moja, na maneno ambayo nimeyafuta.

Nimeyafuta kwa sababu ya mama mmoja wa ofisi hiyohiyo. Sijui nilikuwa napiga mara ya nne au ya tano. Sauti ya mtu mzima, akaniacha nilie mpaka nimalize. "Zimekataliwa mara ngapi?" Mbili. "Basi usirudie tena, tunaomba uchunguzwe kwa jina." Kumbe utaratibu upo! Alama zikishakataliwa mara mbili kwa kutosomeka, FBI inaweza kuombwa itafute kumbukumbu zako kwa jina, na ombi linatakiwa ndani ya siku 90 tangu zilipokataliwa mara ya pili. Mimi nilibakiwa na kama wiki mbili. Ningemsikiliza yule dada, nikaenda kuhangaika na mara ya tatu, muda ungenipita hivihivi.

Mama yule alishughulikia ombi siku ileile, na kesho yake akanipigia mwenyewe kuniambia limepokelewa. Mwenyewe! Wiki kadhaa baadaye, saa tisa usiku, niko koridoni na kikapu cha mashuka, nikafungua Nursys nikaliona jina langu, yote matatu, na namba ya leseni mbele yake. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Sasa nyota ngapi? Nilikuwa nimeamua tatu. Mama yule peke yake ni tano, Mungu ambariki. Lakini nikikumbuka "kufuatilia ni kazi yako" na ile nafasi ya upasuaji iliyokwenda, mkono unarudi kwenye mbili, na naiacha hapo.

Kama wewe ni CNA na unasubiri kama nilivyosubiri, paka losheni mikononi wiki nzima kabla ya kwenda kuchukuliwa alama, na kila zikikataliwa andika tarehe. Zikikataliwa mara ya pili, omba uchunguzi wa jina siku hiyohiyo. Na akipokea mtu wa kukuambia nenda karudie tu, kata simu, piga tena.