Tathmini ya page_owner: Daftari Linalomjua Aliyefungua Ghala, Lisilomjua Aliyetoka Bila Kuaga

Kwa muda wa karibu miezi miwili, seva ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha, iliyopo Tanga mjini mwendo mfupi kutoka lango la bandari, ilikuwa ikiganda kila baada ya siku 8 au 9, na kila ilipoganda mimi ndiye niliyeitwa. Tathmini hii inahusu chombo nilichokitumia kuisaka hitilafu hiyo, yaani page_owner, ambacho kimo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo unaoendesha mashine) ya Linux tangu toleo la 3.19 la mwaka 2015 na hakiuzwi kwa bei yoyote. Nimeamua kukiandikia kwa sababu husifiwa kwa jumla jumla kuwa hufichua uvujaji wa kumbukumbu, ilhali mimi nilikikabidhi kosa ambalo hulifichua nusu tu, na asiyejua mpaka wa nusu hiyo anaweza kumshitaki asiye na hatia, kama nilivyofanya mimi kwa siku mbili nzima.

Kerneli huigawa kumbukumbu ya mashine katika kurasa, na katika mashine nyingi za kawaida kila ukurasa una baiti 4096, hivyo GB 1 ina kurasa 262,144. Kila ukurasa una kihesabu cha marejeo, yaani hesabu ya wanaoutumia kwa wakati huo, na namna rahisi ya kukielewa ni kumfikiria mlinzi wa ghala la mkonge. Kila anayeingia, mlinzi huongeza mmoja. Kila anayetoka, hupunguza mmoja. Hesabu ikifika sifuri ndipo hufunga mlango na ghala likapewa mpangaji mwingine. Mtu akitoka kwa kupitia dirishani bila kuhesabiwa, ghala hubaki wazi, tupu, na hakuna anayeweza kupangishwa. Mtu akihesabiwa mara mbili wakati wa kutoka, mlango hufungwa huku mwenzake yumo ndani, na mizigo ya mpangaji mpya humwangukia. Kosa la kwanza ni uvujaji, nalo huua mashine polepole. La pili huharibu data, na kwa hakika ndilo la kuogopwa zaidi. Letu lilikuwa la kwanza.

Seva yenyewe ina GB 16 za kumbukumbu na kerneli ya toleo la 6.1, na imeunganishwa na kabati la diski lililokuja na moduli yake ya kerneli, yaani kipande cha msimbo kinachoongezwa ndani ya kerneli, iliyoandikwa na mtengenezaji na isiyomo katika msimbo rasmi wa Linux. Kila usiku programu ya nakala rudufu husoma makabrasha yapatayo 1,500 ya hati za mizigo zilizopigwa skani. Kila kabrasha hufunguliwa na mchakato wake (nakala moja ya programu inayoendeshwa), ambao hutenga bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kupokelea data, ya MB 1, huitumia bafa hiyohiyo kwa mafaili machache, kisha hufa. Kila asubuhi amri ya free ilionyesha kwamba kumbukumbu inayopatikana imepungua kwa takriban GB 1.5, na haikurudi hata nilipoiamuru kerneli itupe akiba yake ya mafaili. Hakukuwa na mchakato wowote uliokuwa ukila kiasi hicho. Dada wa masjala alikuwa ameshazoea. Alikuwa akinipigia simu na kusema tu, “Kaka, shikamoo ya seva imefika,” nami nikajua kwamba imeganda tena.

Dalili moja katika /proc/meminfo, faili ambamo kerneli huonyesha matumizi ya kumbukumbu, ilinitia shaka mapema. Jumla ya Active(anon) na Inactive(anon) ilikuwa kubwa mno kuliko jumla ya AnonPages na Shmem. Kurasa zilizotengwa kwa ajili ya programu zilikuwa bado zimo katika orodha za kerneli, lakini hapakuwa na programu hai iliyokuwa imezifunga katika ramani yake ya kumbukumbu. Kwa lugha ya ghala, wapangaji walikwisha kuhama na milango ilikuwa bado wazi.

Hapo ndipo nilipokigeukia page_owner. Kazi yake ni kuandika, kwa kila ukurasa unaotengwa, ni mchakato gani ulioutaka, saa ngapi, na kwa mfuatano upi wa wito wa ndani ya kerneli. Kwa kawaida hulala: lazima kerneli iwe imejengwa pamoja nacho, kisha kiamshwe kwa kuongeza page_owner=on katika vigezo vya kuwashia mashine. Mimi nililazimika kuijenga kerneli upya, kazi iliyoanza na kupakua msimbo chanzo wenye zaidi ya MB 120 na kuendelea hadi usiku wa manane nyumbani Makorora, huku umeme ukikatika mara moja katikati ya safari na kunirudisha nyuma. Sikilaumu chombo kwa hilo, ila anayekitaka apange muda. Kikiwa kimeamka hutumia kumbukumbu ya ziada kwa kila ukurasa na huongeza kazi katika kila utengaji. Katika seva yetu, ambayo mchana huhudumia watu tisa, hakuna aliyenung'unika.

Asubuhi iliyofuata nililisoma faili la /sys/kernel/debug/page_owner na kulipitisha katika page_owner_sort, programu ndogo inayokuja pamoja na msimbo wa kerneli na inayokusanya pamoja maelezo yanayofanana na kuyapanga kwa wingi wake. Kwa hatua hii ninakipa chombo sifa zote. Bila kupangwa, faili ni msitu wa mamilioni ya mistari usioweza kusomwa na binadamu; likishapangwa, rundo kubwa kupita kiasi lilijitokeza juu kabisa, nalo lilikuwa la kurasa zilizotengwa na programu ya nakala rudufu. Michakato iliyotajwa ilikuwa imekufa tangu saa tisa za usiku. Kurasa zilizozidi umri wa wenyewe: huo ni ushahidi ambao kmemleak, zana nyingine ya kerneli ya kusaka uvujaji, isingeuleta, kwa kuwa hiyo hufuatilia vipande vidogo vinavyotengwa ndani ya kerneli na si kurasa nzima za aina hii, na zana iitwayo KASAN pia isingeusema, kwa kuwa KASAN hukamata anayegusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, ilhali hapa hakuna kilichoachiliwa.

Kasoro yake ilianzia hapo hapo. Mfuatano wa wito ulioandikwa ulikuwa wa kawaida kabisa: programu iligusa bafa yake kwa mara ya kwanza, kerneli ikampa ukurasa. Ndivyo kila programu duniani inavyopata kumbukumbu. Nikaihukumu programu ya nakala rudufu, nikaisoma, nikaibadilishia toleo, nikawaandikia wanaoitunza barua ndefu ambayo kwa bahati sikuituma. Daftari la page_owner lina jina la aliyefungua ghala asubuhi. Halina majina ya walioingia baadaye, wala halina kihesabu chenyewe, na uvujaji wa marejeo karibu kila mara husababishwa na mmoja wa hao waliokuja baadaye. Maelezo yanayoambatana na chombo hayadanganyi juu ya jambo hili, kwa kuwa yanasema wazi kwamba kinafuatilia utengaji. Ila msomaji mwenye haraka huona neno owner, yaani “mmiliki”, akadhani ameonyeshwa mkosaji.

Kilichonitoa gizani ni kukitumia pamoja na zana nyingine mbili. Ya kwanza ni crash, programu ya kuchungulia ndani ya kerneli, ambayo amri yake ya kmem -p huonyesha kurasa zote na kihesabu cha kila mmoja. Nilichukua namba za kurasa kutoka katika rundo la page_owner na kutazama vihesabu vyake. Nilitarajia kuona 1. Niliona 1023, 2046, 3069, na hesabu nyingine ambazo ukizigawa kwa 1023 hakibaki kitu.

Namba hizo zinahitaji maelezo. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, kerneli ina namna ya pekee ya kushika kurasa za programu, iitwayo pin_user_pages, kwa ajili ya viendeshi (msimbo unaoendesha vifaa) vinavyoiacha diski iandike moja kwa moja katika kumbukumbu ya programu bila kupitia akiba ya mafaili. Ili mshikaji wa namna hii atofautishwe na wa kawaida, kihesabu cha ukurasa mdogo huongezwa 1024 badala ya 1, na wakati wa kuachia ni lazima itumike unpin_user_page, ambayo hupunguza 1024 ile ile. Atakayeshika kwa namna hii na kuachia kwa put_page ya zamani, inayopunguza 1 tu, huacha 1023 zikining'inia. Akirudia kosa hilo kwenye ukurasa huo huo, huacha 2046. Bafa yetu ilikuwa ikitumika kwa mafaili machache katika kila kabrasha, kwa hiyo kihesabu kilikuwa kimeniandikia hata idadi ya mafaili. Ninakiri kwamba nilicheka peke yangu ofisini.

Zana ya pili ni alama za ufuatiliaji za page_ref, zilizoingia katika kerneli mwaka 2016, ambazo huandika kila kihesabu kinapopanda au kushuka. Nazo zinahitaji kerneli iliyojengwa kwa ajili yake, na zisipochujwa hufurika kama bamvua; nilizifunga kwa mchakato mmoja tu na kuomba mfuatano wa wito uandikwe pamoja na kila tukio. Katika usomaji uliojaza bafa yote, niliona upunguzaji wa 1024, kama inavyotakiwa. Katika usomaji wa mwisho wa kila faili, ambao kwa kawaida haujazi bafa, niliona upunguzaji wa 1, na mfuatano wake ulipita ndani ya moduli ya kabati la diski. Mwandishi wake alikuwa amehamia namna mpya ya kushika, akabadilisha njia kuu ya kuachia, na akaisahau njia ya pembeni inayofuatwa data zinapopungua. Mtengenezaji alipopelekewa mistari hiyo hakubishana. Rekebisho lilikuja baada ya wiki mbili.

Kwa mtu anayetunza seva moja au mbili kama mimi, page_owner kinastahili kuwekwa tayari katika kerneli hata kama kitabaki kimelala, kwa sababu kikiwa kimezimwa gharama yake ni ndogo kiasi cha kupuuzwa, na siku kitakapohitajika kujenga kerneli upya huku wateja wanasubiri hati ni adhabu. Ninakipa alama 7 kati ya 10. Moja nimeikata kwa ajili ya faili lake lisilosomeka kabla ya kupangwa, na mbili kwa ajili ya jina lake, ambalo linaahidi zaidi ya kilichomo.

Kuna jambo moja ninaloandika kwa aibu kidogo. Katika /proc/vmstat kuna mistari miwili, nr_foll_pin_acquired na nr_foll_pin_released, ambayo huhesabu ushikaji na uachiaji wa namna hii katika mfumo mzima, na mashine ikiwa imetulia, bila ushikaji wa muda mrefu, inatakiwa ilingane. Sikuijua hadi kazi ilipokwisha. Nilipoitazama kwenye seva iliyokuwa bado na moduli ya zamani, tofauti yake ilikuwa maelfu kwa maelfu, nayo ilikuwa imekaa hapo tangu siku ya kwanza, ikisomeka bila kerneli mpya na bila kukesha. Sasa kuna amri inayoilinganisha kila saa 12 asubuhi na kunitumia ujumbe wa simu; tangu moduli mpya iwekwe, ujumbe huo umekuwa ukisema 0.