Wasini kwa siku moja: bodiwoki ya akina mama, kaa, na kwa nini ulipie kisiwani kwenyewe

Kama uko ufukwe wa Diani na kuna mtu ameshakukamata ufukweni anakuuzia safari ya Wasini, subiri kidogo usome hii kabla hujatoa pesa. Nimetoka huko majuzi na familia, na maoni mengi niliyoyaona kabla ya kwenda ni "pomboo wengi, chakula kitamu, asante" basi, hayasemi kitu kuhusu wale wanaokupikia na kukuvusha.

Kwa wasiopajua, Wasini ni kisiwa kidogo kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, kaunti ya Kwale, kinatazamana na Shimoni, mpaka wa Tanzania hauko mbali. Urefu kama kilomita 5, upana kama kilomita 1, gari hakuna, unatembea kwa miguu kwenye vichochoro vya matumbawe. Wenyeji ni Wavumba, watu wa bahari toka zamani. Nje yake kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) na hiyo ndo inayovuta wageni wa kuogelea na kuangalia samaki.

Sisi tulianza na bodiwoki ya akina mama. Ni njia ya mbao iliyoinuliwa, inapita juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, makubwa, yamechongwa na maji mpaka yana maumbo ya ajabu, halafu inaingia kwenye mikoko. Maji yakitoka unaona kaa wadogo kila mahali kwenye tope, maji yakijaa bahari inaingia mpaka chini ya miguu yako. Hii ni mali ya kikundi cha akina mama wa kijiji, kiingilio unachotoa kinasaidia mambo ya kijiji kama ada za watoto. Watoto wangu hawakutaka kuondoka. Nyota 5 bila kufikiria mara mbili.

Sasa nilivyokuwa natembea nikaona mbao zingine mpya, zingine zimechakaa kabisa, nikamuuliza mama aliyekuwa anatutembeza, shikamoo mama, mbona hivi. Akaniambia, mwanangu, hizo za zamani ni za korona. Nikasema vipi? Ndo akaanza kunieleza, na nikaona hiyo ndo habari ambayo mtu anayekwenda Wasini anafaa kuijua.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Mwisho wa mwezi huo ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa, kafyu, yaani marufuku ya kutoka nje usiku, imeanza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, halafu Aprili Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Sa fikiria kisiwa ambacho wageni wote wanaingilia jeti moja (gati) ya Shimoni. Mama anasema ilikuwa kama mtu amezima taa, wiki moja boti zinagombania nafasi, wiki inayofuata hamna hata moja. Mbao za bodiwoki zinataka kubadilishwa kila mara kwa sababu ya chumvi na jua, na pesa ya kubadilisha ni kiingilio, na kiingilio ni wageni. Hakuna wageni, mbao zikaoza.

Watu wengi huwa wanasema aa, watu wa kisiwani wana samaki, hawawezi kulala njaa. Si rahisi hivo. Nahodha aliyetuvusha alituambia wanaovua usiku ndo waliumia zaidi, kwa sababu kafyu ilikuwa inaanza wakati wao ndo wanatoka. Na hata ukivua mchana unamuuzia nani, mahoteli ya Diani yalikuwa yamefungwa na hao ndo walikuwa wanunuzi wakubwa wa kamba na pweza, barafu ya kutunzia ni ghali, ukishakula na kuwapa jirani basi bei unayopewa na mchuuzi ndo hiyo hiyo chukua au acha. Mchele, unga, sukari na mafuta vyote vinavushwa kutoka bara kwa pesa taslimu. Kwa hiyo samaki unaye na mchele huna.

Halafu maji. Hili ndo lilinigusa kuliko yote. Tulikuwa tunaambiwa kila saa kwenye redio osheni mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, na Wasini haina mto, miaka yote walikuwa wametegemea mvua inayokusanywa kwenye mabirika na mitungi inayovushwa kutoka bara. Maji ya kunywa tu yalikuwa yanapimwa, sembuse ya kunawa kila saa. Mama anasema waliweka ndoo zenye bomba kwenye milango na watoto wakawa wanafundishwa kunawa bila kumwaga hata tone, na maji ya kunawia yanakingwa yatumike tena chooni.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwisho wa Aprili, misikiti imefungwa, tarawehe kila mtu kwake. Kwa kijiji cha Waislamu kilichozoea kufuturu pamoja na kutembeleana usiku, hiyo peke yake ilikuwa uzito. Na hofu ilikuwepo, kwa sababu mtu akizidiwa usiku lazima apatikane mwenye boti, avushwe mpaka Shimoni, halafu gari mpaka hospitali ya Msambweni. Wazee walikuwa wanakatazwa hata kwenda jeti. Shule nazo zilifungwa Machi, wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021, masomo ya simu sijui ya redio huko yalitegemea nyumba ina simu ngapi, na nyingi zilikuwa na moja na baba ametoka nayo baharini.

Walioanza kurudi ni Wakenya wenyewe, baada ya Nairobi na Mombasa kufunguliwa Julai 2020. Mama alisema wanawakumbuka mpaka leo wale wa Mombasa na Nairobi waliokuja na barakoa zao, wakalipa kiingilio na kununua leso (kanga). Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 2021, kwa hiyo hesabu muda wote huo watu wanasukuma maisha kwa uvuvi wa mchana, mwani kidogo na kukopeshana.

Turudi kwenye safari. Chakula tulikula kijijini, kaa wa kuchemshwa na tangawizi, unapewa kibao na kijiti kizito unavunja mwenyewe, halafu samaki wa kupaka na wali wa nazi, ndimu za kutosha, chapati laini, na matunda mwisho. Kaa walikuwa freshi kabisa, nyama inatoka nzima nzima. Wali ulikuwa na nazi ya kukuna, si ya pakiti, unaijua tu kwa harufu. Tulisubiri sana, hilo niseme ukweli, kama una watoto agiza kabla hujaenda bodiwoki. Choo ni safi lakini maji ni ya kuchota, usitegemee bomba.

Kilichonikera ni upande wa madalali wa ufukweni, si wote lakini huyu aliyetufuata Diani alitaka karibu mara mbili ya tuliyolipa wenyewe, na nilipomuuliza akina mama wanapata ngapi hapo hakuwa na jibu. Nilipouliza kisiwani wakaniambia wengine wanaleta wageni wanapita bodiwoki haraka haraka, wanakula kwenye boti, wanaondoka. Kisiwa kinabaki na picha tu. Kwa watu waliokaa muda wote ule bila shilingi mimi naona hiyo si haki kabisa, na ndo maana nasisitiza mlipe kule kule.

Jinsi tulivyokwenda: matatu ya Ukunda kuelekea Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, bodaboda mpaka jeti, hapo ongea na nahodha moja kwa moja, patana bei ya kwenda na kurudi na mlipe mwisho. Mkitaka Kisite pia ondokeni asubuhi mapema kwa sababu mchana upepo unapanda, na ada ya KWS ni mbali na ya boti. Kiingilio cha bodiwoki mpe mama mwenyewe mkononi au kwa M-Pesa ya kikundi. Vaeni nguo za heshima mkipita kijijini, akina dada mbebe leso. Na bebeni maji yenu ya kunywa ya kutosha, msimalize ya kwao, chupa tupu mrudi nazo bara.