Uhuru Park mpya: nyasi ni safi, lakini usithubutu kuketi mkiwa wengi

Bustani yenyewe sina neno nayo. Aliyeniharibia siku ni soja, mlinzi wa hapo.

Sisi ni wanachama wa chama cha kuchanga pesa, wanawake watupu, na Jumapili moja hivi karibuni tulikubaliana tukutane Uhuru Park, Nairobi, upande wa Kona ya Uhuru (Freedom Corner). Ni katikati: wa Kibera anakuja kwa miguu, wa Eastlands anashukia katikati ya jiji. Tukatandaza leso, mweka hazina akatoa daftari. Hata sala haijaisha, mtu ametusimamia vichwani.

"Nyinyi wamama, kibali kiko wapi?"

Kibali cha nini?

"Cha mkutano. Hapa si mahali pa mikutano."

Shosho, bibi mzee wa kundi letu, akamwambia kwa upole, "Kijana wangu, tunahesabu tu vijisenti vyetu." Hakumtazama hata usoni. Nikauliza sheria hiyo imeandikwa wapi, akaniambia nisimfundishe kazi. Akawa anagongagonga rungu kwenye buti mpaka tukakunja leso. Shosho anaumwa na magoti. Kuketi chini kwake ni kazi na kuinuka ni kazi nyingine, na huyo kijana alisimama tu akimwangalia akihangaika.

Si mahali pa mikutano! Kibaki aliapishwa wapi Desemba 2002, mbele ya umati uliofurika? Katiba ilizinduliwa wapi tarehe 27 Agosti 2010? Na kona hiyo hiyo tuliyofukuzwa, mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo, wakidai wana wao waachiliwe, na polisi wakawapiga. Hata hizo nyasi anazozilinda zipo kwa sababu Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe hapo mwaka 1989 huku wakubwa wakimtukana.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kabla bustani haijafungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, sehemu kubwa ilikuwa vumbi, na jioni ulipita ukishika mkoba kwa mikono miwili. Sasa njia zinapitika, watoto wana pa kuchezea, miti mikubwa imebaki. Kijana na mpenzi wake watafurahia sana. Anayekwenda kupiga picha na kurudi nyumbani atafurahia pia.

Lakini sisi tusio na sebule ya kutosha watu kumi na watano, wala hela ya kukodi ukumbi hotelini, tukaketi wapi? Ukarabati ulikuwa wa nani, kama watu wakizidi wanne kwenye nyasi wanakuwa kesi?

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba msiende. Nimefuta. Nendeni, na mwende wengi, na leso zenu. Chama chetu kinarudi mwezi ujao, kona ile ile, na Shosho amesema atakuja. Akitokea mtu wa kudai kibali, atuonyeshe sheria kwa maandishi, la sivyo michango itahesabiwa pale pale mpaka shilingi ya mwisho.