IntelliJ IDEA, VS Code na Eclipse kwa kazi ya Java: uzoefu wangu

Nitoe hukumu mapema kuhusu programu hizi tatu za kuandikia msimbo: mradi ukiwa mkubwa na ni wa lugha ya Java, nafungua IntelliJ IDEA. Mengine yote, Python, JavaScript, faili za mipangilio za YAML, nayamalizia kwenye VS Code.

Siku ya kwanza hutaona tofauti kubwa. Subiri siku ya kubadili jina la methodi (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) inayoitwa kila kona ya mradi. Kwenye IDEA nabonyeza Shift+F6, naandika jina jipya, basi. Haifanyi kazi ya kulinganisha herufi tu: inajua kwamba tuma() hii ni ya klasi ya Malipo, na tuma() ile ya klasi ya Barua haiigusi. Nikitaka, inapekua hadi kwenye maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo (comments) na kunionyesha kila sehemu kabla sijakubali.

Ujuzi huo una bei. Ukifungua mradi mpya, lazima kwanza isome faili na maktaba zote ijenge faharasa yake, na hapo utaisikia feni ya laptopu. Ukiwa na RAM ya GB 8, Docker (ya kuendeshea programu ndani ya makontena) inafanya kazi na kivinjari kimejaa tabo, utateseka. Kwangu mimi GB 16 ndiyo pa kuanzia.

VS Code, iliyotoka 2015, inafunguka upesi, na kwa mradi mdogo wa Java inatosha kabisa. Ila wengi hawajui kwamba kiendelezi cha Java cha Red Hat wanachosakinisha humo kinaendeshwa na injini ya Eclipse, JDT. Wanaoicheka Eclipse wanamcheka bibi huku wakila ugali aliousonga yeye. Eclipse yenyewe siitumii tena kila siku, sura yake imenichosha, lakini kompaila yake, inayogeuza msimbo kuwa programu, bado naiheshimu: inakuruhusu kujaribu sehemu nzima ya programu hata kama faili nyingine ina makosa.

Kuhusu pesa: msimbo wa kawaida wa Java na wa lugha ya Kotlin unaandika kwenye IDEA bila kulipa. Ukichukua Ultimate, ile ya kulipia, na kuilipia miezi 12 mfululizo, hata ukiacha kulipa unabaki na toleo la mwanzo wa kipindi hicho. Kwa anayejiajiri, hilo si dogo.

Wanaotengeneza programu za Android hawana la kujadili, kwani Android Studio wanayoitumia imejengwa juu ya IDEA hiyohiyo. Na kama unahamahama kama mimi, sakinisha kiendelezi cha IntelliJ IDEA Keybindings kwenye VS Code upate mikato ileile ya kibodi, vidole visichanganyikiwe.