Kliniki tembezi ya meno kambini: uzoefu wangu kama kibarua wa msimu

Sisi tunaohama shamba hadi shamba kufuata mavuno huwa tunauliza mambo mawili kuhusu huduma ya meno: inafunguliwa saa ngapi, na je, kazi inakwisha siku hiyo hiyo? Kliniki tembezi iliyokuja kambini kwetu imenifaa kwa yote mawili.

Walifika jioni, baada ya hesabu za mavuno kufungwa. Ukilipwa kwa kipimo cha ulichovuna, kwenda hospitali mchana ni kupoteza ujira wa siku, ndiyo maana watu huvumilia jino kwa vidonge vya maumivu mpaka shavu linavimba. Hapo si pa kuvumilia tena. Uvimbe ukishuka chini ya taya, kinywa kikawa hakifunguki au kumeza kukawa taabu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Mimi nilikuwa na gego la chini lililotoboka. Daktari aliligonga taratibu kwa mpini wa kioo chake, akauliza kama huniamsha usiku, na kama maumivu ya maji baridi hukaa au huondoka upesi. Nilipomwambia huondoka upesi, akasema jino lingali hai, litazibwa. Hakuwasha mashine yoyote. Alikwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, akakausha kwa pamba, akakoroga unga na majimaji mpaka ukawa uji mzito, kisha akaushindilia kwa kidole kilichopakwa vaselini. Sikuchomwa sindano ya ganzi na wala sikuihitaji. Njia hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo umeme, na ule uji ukishaganda hutoa floraidi kidogo kidogo. Jino lingine dogo alilipaka dawa ya maji yenye madini ya fedha, ya kusimamisha uozo. Huacha doa jeusi lisilotoka, na nashukuru alinionyesha picha na kuniuliza kwanza kama naridhia.

Mswaki na dawa ya meno tuligawiwa sote. Tuliambiwa tuteme povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno. Kambi ambayo bomba liko mbali inaufurahia sana ushauri huo.

Lililoniudhi ni ukalimani. Wengi kambini hatuzungumzi lugha ya daktari, na aliyewekwa kutafsiri ni mnyapara wetu. Nani atasema mbele ya mnyapara kwamba hajalala kwa maumivu, au kwamba ana mimba changa, ilhali msimu ujao yeye ndiye anayechagua majina? Mwenzangu mmoja aling'olewa gego, akaelewa tu kwamba aume pamba. Kuhusu kutosukutua na kutobeba mizigo siku inayofuata hakuambiwa lolote. Kesho yake aliinama mistarini tangu asubuhi, na damu ikaanza upya. Mkalimani wa nje, hata kwa simu, angetosha.

Tena, jino ambalo kiini chake kimekufa wao hung'oa tu. Kusafisha mzizi mara nyingi huhitaji kurudi zaidi ya mara moja, na hapo sisi tumeshahamia shamba lingine. Naelewa, lakini inauma kuona kijana anapoteza jino lililoweza kuokolewa kwa sababu tu mavuno yamekwisha.

Kinachopunguza tatizo hilo ni kadi. Yangu imeandikwa gego namba 46, yaani gego kubwa la kwanza la chini upande wa kulia, aina ya dawa iliyowekwa na tarehe. Daktari yeyote anayetumia namba hizo za kimataifa ataanzia hapo bila kunipima upya kila kitu. Wengine waliondoka bila kadi kwa sababu hawakuiomba. Kwa hiyo mkipata huduma ya namna hii, msishuke kitini kabla hamjaandikiwa, na watoto mlio nao kambini wapakwe floraidi siku hiyo hiyo.