Mabamba ya kuziba mlango wa mlingoti: bora kuliko skrubu, ila uwe na tupa

Mwenye mashua ndogo ya tanga yenye mlingoti wa alumini anaujua ule mlango: sehemu iliyopanuliwa ya mfereji, yaani ule ufa mrefu wa mlingoti unamopanda ukingo wa tanga, juu ya pale boriti ya chini inaposhikana na mlingoti, unapoingizia slagi za tanga kuu, vile vipande vidogo vya nailoni vilivyofungwa kwenye ukingo wake, moja moja. Zinaingilia hapo, na zinatokea hapo hapo hata kama hukuziita. Tua tanga bila kizuizi uone. Slagi zinamwagika zote, tanga linabaki limeshikwa na henza (kamba ya kulitwekea) juu na goshi (pembe yake ya chini ya mbele) chini, katikati ni mfuko wa upepo unaokupiga usoni.

Dawa ya bei rahisi ni skrubu ya kidole, kile kidude kinachoingia ndani ya mfereji na kukazwa kwa vidole. Wengi tunayo. Shida yake ni pa kuiweka. Ukiikaza juu ya mlango, slagi zinarundikana juu yake na tanga lililotuliwa linasimama kama nundu, halikai juu ya boriti. Na siku ya upepo mkali, ukitaka kupunguza tanga, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu lile tundu la kupunguzia, lililo juu ya goshi kwenye ukingo wa tanga, halifiki kwenye kulabu ya kwenye boriti. Slagi zilizo chini ya tundu hilo zimekwama kwenye skrubu. Basi unailegeza, zile za chini zinatoka, unanasa tundu, unaikaza tena ili za juu zisifuate. Yote hayo umesimama chini ya mlingoti mashua ikiruka, na skrubu yenyewe haina kamba. Ikidondoka ndiyo basi.

Ndiyo maana nikahamia kwenye mabamba. Ni vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu, vyembamba, kimoja kila upande wa mfereji, vinafungwa juu ya mlango kwa skrubu ndogo. Kati yao panabaki ufa wa upana ule ule wa mfereji, na slagi inapita mlangoni kana kwamba mlango haupo. Tanga linashuka mpaka chini kabisa, na ukitaka kupunguza unalegeza henza, unavuta tundu, unanasa, unatweka tena. Hakuna slagi ya kurudisha. Skrubu ya kidole sikuitupa, niliishusha mwisho wa mfereji, maana kwenye mlingoti wangu mfereji unapita chini ya boriti na slagi zingetokea huko.

Sasa ufungaji, na hapa ndipo kiwanda kilipoharibu. Skrubu zilizokuja na mabamba yangu zilikuwa ndefu kuliko unene wa ukuta wa mlingoti. Ncha zikatokeza ndani kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kunasa slagi. Ilibidi nizikate na kuzisawazisha kwa tupa. Skrubu ni za milimita 4, kwa hiyo unatoboa tundu la milimita 3.3 kisha unakata hesi. Usikaze mpaka mwisho kabla ya kupitisha slagi kwa mkono, juu na chini, mara kadhaa. Bamba likikaa pembeni hata kwa unene wa kucha utasikia slagi ikigonga ukingo unapotweka. Kingo za ndani nazo zipitishe msasa, kwa sababu slagi ni za nailoni na ukingo mkali unazichonga polepole.

Na tafadhali, paka mafuta mazito ya kuzuia kutu kwenye kila skrubu. Chuma kisichoshika kutu kikikaa na alumini penye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini, na alumini hapa ni mlingoti wako. Ndani ya mfereji, kinyume chake, usitie grisi. Inashika vumbi na chumvi. Silikoni kavu ya kupuliza inatosha.

Mabamba hayatibu slagi iliyochoka. Nailoni iliyopigwa jua miaka mingi inakatika shingoni, na hapo hakuna kizuizi kitakachokusaidia. Kagua pia pingu au uzi unaoishikilia slagi kwenye tanga.

Kuna usumbufu mmoja: kulivua tanga lote kunahitaji bisibisi, kwa sababu lazima ufungue angalau bamba moja. Kwangu si tatizo, tanga langu linalala juu ya boriti likiwa limefunikwa. Anayelibeba tanga nyumbani kila jioni abaki na skrubu yake ya kidole, ila aifunge uzi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewanyima kwa zile skrubu ndefu, na kwa karatasi ya maelezo isiyotaja mafuta ya kuzuia kutu hata kwa neno moja.