Uzoefu wangu: kusoma Tuck Everlasting na binti yangu katika likizo ya kiangazi

Binti yangu alimaliza darasa la tano mwishoni mwa Mei, na katika wiki ya pili ya likizo tulipokea barua pepe kutoka shule ya kati ambayo angeanza mwezi Agosti. Barua ilitaka kila mwanafunzi asome riwaya moja ya fantasia wakati wa kiangazi, ajaze karatasi ya dakika alizosoma kila siku, na mzazi atie sahihi. Orodha ya vitabu iliyosemekana kuambatishwa haikuwamo, na ilipotufikia hatimaye, Julai ilikuwa imevuka nusu. Kwa kuwa muda ulikuwa umetubana, tulichagua kitabu kifupi kuliko vyote vilivyokuwa katika orodha hiyo, na hadi leo sijajuta hata kidogo.

Kitabu chenyewe ni Tuck Everlasting cha Natalie Babbitt, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1975. Kina sura 25 fupi pamoja na utangulizi na hitimisho, na nakala yetu ya jalada jepesi ilikuwa na kurasa 140 hivi. Mwandishi alizaliwa mwaka 1932 huko Dayton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mji ulio mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka hapa Columbus tunapoishi, na alifariki mwaka 2016. Tulikiazima katika maktaba ya umma ya Columbus, ambayo tangu mwaka 2017 haitozi faini kwa kitabu kinachocheleweshwa, jambo ambalo wazazi wenzangu wengi waliohamia hapa hawalijui na ndiyo maana wanaogopa kuwaandikisha watoto wao.

Hadithi inatokea mwaka 1880 katika kijiji cha kubuni kiitwacho Treegap. Winnie Foster, msichana wa miaka kumi anayechungwa mno na mama yake na bibi yake, anaingia katika msitu wa familia yao na kumkuta kijana akinywa maji ya chemchemi iliyofichika chini ya mti mkubwa. Kijana huyo ni Jesse Tuck. Yeye, kaka yake Miles, na wazazi wao Mae na Angus, waliyanywa maji hayo miaka 87 iliyopita bila kujua, na tangu siku ile hakuna hata mmoja wao aliyezeeka wala anayeweza kufa. Wanamchukua Winnie hadi nyumbani kwao ili wamweleze kwa nini siri hiyo isitoke, na nyuma yao anafuata mtu mmoja mwenye suti ya manjano ambaye amesikia yote na anataka kuyauza maji hayo.

Mwanzo wa kitabu ni mgumu, na mzazi anapaswa kulijua hilo mapema. Utangulizi na sura za kwanza hazina matukio mengi. Mwandishi anaeleza barabara, nyumba, uzio, ng'ombe na msitu, kwa sentensi ndefu zenye picha nyingi. Binti yangu alisoma kurasa nne za kwanza huku jicho moja likiwa kwenye saa ya jikoni, kwa sababu karatasi ya shule ilidai dakika 20, na zilipotimia alikifunga kitabu katikati ya sentensi. Kwa siku tatu mfululizo alifanya vivyo hivyo. Siku ya nne niliichukua ile karatasi nikaiweka kwenye droo ya vijiko, nikamwambia kwamba dakika nitazihesabu mimi, na kwamba kila siku saa kumi alasiri, kabla sijaenda kwenye zamu yangu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, tutasoma pamoja kwa sauti, sura moja yeye na sura moja mimi.

Tulianza upya kutoka utangulizi. Katika aya yake ya kwanza kabisa, mwandishi anaifananisha wiki ya kwanza ya Agosti na kiti cha juu kabisa cha lile gurudumu kubwa la viwanja vya burudani linalowazungusha watu hewani, pale linaposimama kidogo kabla ya kuanza kushuka. Nilipousoma mstari huo kwa sauti, binti yangu alinishika mkono akasema anakijua kiti hicho. Kweli anakijua. Maonesho ya Jimbo la Ohio hufanyika hapahapa mjini kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Julai, na mwaka uliotangulia tulikwama kule juu kwa muda ambao kwake ulikuwa saa nzima, joto limetulia, hakuna upepo, watu chini wadogo kama sisimizi. Aliposoma peke yake mstari huo haukumwambia lolote. Aliposikia, aliuona. Gurudumu hilo linarudi tena baadaye katika kitabu, na kwa kuwa alikuwa ameshalipanda, alilitambua lilipokuja.

Sehemu ambayo ningependa kila mzazi asiikose ni ile ambayo akina Tuck wanaeleza jinsi walivyogundua hali yao. Jesse alianguka kutoka juu ya mti akatua kwa kichwa, asipate hata mchubuko. Wawindaji walimpiga risasi farasi wa akina Tuck, ikapita bila kuacha alama ya maana. Angus aliumwa na nyoka, Mae alijikata kisu akikata mkate. Paka wao, ambaye peke yake hakuyanywa yale maji, alizeeka na kufa kama paka wengine. Hapo binti yangu alisimama, akaenda kuchukua bahasha ya bili ya umeme, akaigeuza nyuma akaanza kupiga hesabu: Jesse, anayeonekana kijana wa miaka 17, ana miaka 104, Miles, mwenye sura ya kijana wa miaka 22, ana 109, na maji yale waliyanywa mwaka 1793. Aliiweka bahasha hiyo ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa hadi mwisho. Mtoto huyu huninung'unikia kila siku kuhusu hisabati.

Kisha inakuja sura ya mtumbwi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa riwaya nzima. Angus Tuck anampeleka Winnie katikati ya ziwa dogo jioni na kumweleza, kwa maneno ya mtu wa shamba asiye na elimu kubwa, kwamba maji wanayoyaona yakitulia hayakutulia hata kidogo: yanaelekea baharini, yanapaa kuwa mawingu, yananyesha kuwa mvua, yanarudi tena, na kwamba kila kiumbe kimo ndani ya gurudumu hilo, na kufa kumo humo pamoja na kuzaliwa. Wakati anaongea, mtumbwi umekwama kwenye matawi ya mti ulioanguka, na maji yanaupita pembeni yakienda zake. Familia ya Tuck ndiyo huo mtumbwi. Mwandishi haongezi mahubiri hapo, anauacha mtumbwi ukwame, na mtoto analiona mwenyewe. Binti yangu alikuwa ameshafundishwa mzunguko wa maji darasani, na mchoro wake wenye mishale ya buluu ulikuwa bado kwenye friji. Alinyamaza akautazama, kisha akaniuliza kama Babu naye yumo kwenye gurudumu hilo.

Marehemu baba yangu alifariki Tanga mwezi Machi mwaka uliotangulia. Kwetu maiti haicheleweshwi, kwa hiyo alizikwa siku ileile, kabla mimi sijapata hata tiketi ya ndege. Watoto niliwaambia kwa sentensi moja kwamba Babu ametangulia mbele ya haki, tukasoma Fatiha, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilidhani ninawalinda. Kumbe binti yangu alikuwa amelibeba swali hilo kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kujua pa kulitua, na mtu wa kwanza kumfungulia mlango alikuwa mzee wa kubuni aliyekaa ndani ya mtumbwi. Siku ile nilichelewa kazini kwa nusu saa, na sikuona vibaya.

Yapo mambo ambayo sikuyapenda. Jesse, mwenye umri wa kweli wa miaka 104 na sura ya miaka 17, anamwomba msichana wa miaka kumi ayahifadhi maji ya chemchemi katika chupa, ayanywe atakapofika miaka 17, kisha waoane. Kitabu kinalieleza jambo hili kama ndoto ya kijana mpweke, lakini mimi nilisimama tukalizungumza waziwazi, kwamba mtu mkubwa hampi mtoto siri ya namna hiyo akambebesha peke yake. Yapo pia mauaji: Mae anampiga kichwani yule mtu wa suti ya manjano kwa kitako cha bunduki, na mtu yule anakufa. Hadithi haifurahii jambo hilo, ila haimhukumu Mae sana, na mtoto anahitaji mtu mzima wa kubishana naye. Sisi tulibishana siku mbili. Yeye alisema Mae alikuwa akimwokoa Winnie na dunia nzima. Mimi nilisema roho ya mtu ni roho ya mtu. Hatukukubaliana, na sikumlazimisha.

Lugha nayo inataka uvumilivu. Akina Tuck wanaongea Kiingereza cha mashambani kisichofuata sarufi ya shuleni, na mtoto aliyejifunza lugha hiyo darasani, huku nyumbani akiongea Kiswahili, anaweza kudhani kitabu kimekosewa. Kwa sura hizo tuliazima maktaba toleo la kusikiliza, akafuatilia kwa kidole huku akisikia sauti, na tatizo likaisha. Kuhusu filamu ya mwaka 2002, ningeshauri isubiri hadi kitabu kiishe. Katika filamu Winnie ni msichana wa miaka 15 na habari imegeuzwa kuwa ya mapenzi, kwa hiyo anayeitazama badala ya kusoma atajibu maswali ya mwalimu kuhusu hadithi nyingine.

Wazazi Waislamu wenzangu wameniuliza kama kitabu kinachosema juu ya maji ya kuishi milele hakipingani na tunayowafundisha watoto. Mimi naona kinaelekea kulekule. Kila nafsi itaonja mauti, na akina Tuck, ambao hawaonji, ndio wanaolia katika kurasa hizi. Miles alikimbiwa na mkewe aliyechukua watoto wao wawili, kwa sababu yeye hakuzeeka na mke akaogopa kwamba ameuza roho yake kwa shetani. Mama yangu, tulipompigia simu Jumamosi asubuhi wakati kwao Tanga ametoka kuswali alasiri, alimsikiliza mjukuu wake akisimulia habari ya chemchemi kwa Kiswahili chake cha kubabaika, kisha akamwambia kwamba hata wazee wetu wanasimulia juu ya Nabii Khidhri aliyeyanywa maji ya uzima. Binti yangu hakuwahi kulisikia jina hilo kwangu. Alilisikia kwa bibi yake, kwa sababu ya riwaya iliyoandikwa na mwanamke wa Ohio.

Kwa mtoto wa kati ya miaka 10 na 13 ninakipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti moja tu la kutomwachia akisome peke yake. Kwa mtoto anayetaka majoka na vita vya panga, huenda kikampooza. Nakala yetu tulipoirudisha nilinunua nyingine kwa chini ya dola kumi, na mdogo wake wa miaka minane, ambaye tulidhani anacheza tu chini ya meza wakati tunasoma, sasa anaitazama kila mara picha ya jalada akitafuta yule chura wa hadithini.

Tulimaliza wiki ya kwanza ya Agosti. Katika hitimisho, mwaka 1950, Mae na Angus wanarudi Treegap kwa gari la farasi na kukuta msitu umefyekwa na mti umepigwa na radi. Angus anaingia makaburini na kuliona jiwe la Winnie: alizaliwa 1870, alifariki 1948, mke mpendwa na mama mpendwa. Binti yangu aliitoa ile bahasha akaandika 78. Hakuyanywa, alisema, akarudia tena, hakuyanywa, na ilikuwa lazima Bibi aambiwe siku ileile.

Mama yangu alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza juu ya maji wala juu ya Jesse. Aliuliza, "Na huyo Winnie, mjukuu wangu, alizikwa na nani?" Binti yangu alifungua tena ukurasa ule, akasoma, akajibu, "Na watoto wake, Bibi. Jiwe linasema alikuwa mama." Simu ilinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia mama akisema, "Basi alipata. Alizikwa na wanawe."

Jioni ile binti yangu aliniomba nimwambie kaburi la Babu limeandikwa nini. Sikuwa na jibu. Nilimwandikia kaka yangu, na asubuhi yake akatutumia picha: kibao cha saruji, jina, tarehe mbili, na mchanga uliofagiliwa pembeni. Binti yangu aliikuza picha kwa vidole viwili, akachukua kalamu, na chini ya 78 ya Winnie akafanya hesabu nyingine ya kutoa. Ilikuja 79.